Mtoto anachora: kabla ya simu mpya, mpe daftari

Jioni, watu wa Shirimatunda wakirudi kutoka mjini kwa bajaji na bodaboda, kuna ombi ambalo wazazi wengi wameshalisikia au watalisikia. Kijana amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Tangu shule ya msingi, kurasa za nyuma za madaftari yake zimejaa michoro. Leo amemsalimia baba yake vizuri kuliko kawaida, amekaa karibu, kisha anaanza: "Baba, nilikuwa naomba simu. Ile yenye kamera nzuri. Nataka nianze kuposti kazi zangu."

Baba anawaza ada ya mdogo wake na deni la dukani. Anauliza swali ambalo karibu kila mzazi huuliza: "Kwani kuchora ni kazi?" Kijana anajibu kwa kumwonyesha, kwenye simu ya dada yake, mchoraji wa nchi ya mbali mwenye wafuasi laki tatu. Baba anaona namba, haoni hela. Mazungumzo yanaishia hapo na wote wawili wanalala wamenuna.

Mazungumzo haya si ya nyumba moja. Yanatokea Shirimatunda, Soweto, Majengo, na huko juu migombani. Na tatizo lake ni kwamba kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mzazi yuko sahihi kwamba kupendwa mtandaoni hakulipi ada. Kijana naye yuko sahihi kwamba siku hizi mchoraji asiyeonekana kwenye simu ni kama fundi aliyefungua karakana uani bila kibao barabarani. Ambacho wote wawili hawakukigusa ni kazi iliyopo katikati: namna picha moja inavyogeuka kuwa mteja, na mteja mmoja kugeuka kuwa wengine watano kwa miaka kumi.

Wachoraji wawili wa mlimani

Swali la baba yule lina majibu ya karibu kuliko anavyodhani. Kutoka Shirimatunda mtu anaweza kwenda Machame au Marangu asubuhi na kurudi jioni, na kila upande umetoa mchoraji ambaye jina lake limebaki.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaendelea katika chuo cha sanaa cha Slade mjini London, na alirudi kufundisha Makerere. Alichora alichokijua: watu wakivuna, wakijenga, wakitembea migombani, kazi za kijiji zinazofanywa na watu wengi kwa pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, ipo katika mkusanyiko wa Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Hebu fikiria: mbege ya Uchagani, New York, kabla hata ya Uhuru wa Tanganyika.

Lakini mzazi aangalie upande wa pili wa maisha yake. Ntiro hakuishi kwa kuuza picha peke yake. Alikuwa mwalimu. Baada ya Uhuru alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London, baadaye akafanya kazi serikalini katika masuala ya utamaduni, na akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mshahara ulilisha nyumba, brashi ikaendelea. Alifariki mwaka 1993 akiwa bado anahesabiwa kuwa mchoraji, si mtumishi mstaafu aliyewahi kuchora.

Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, alipita njia nyingine. Naye alisoma Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, akiyaweka maisha ya Yesu katika mandhari na sura za Kiafrika. Katika miaka ya 1960 alianzisha jumba la sanaa la Kibo huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali pa kuonyesha picha, kufundisha na kukutana. Yaani hakungoja mwenye ukumbi amwite. Alitengeneza mahali ambapo watu wangemfuata yeye na wenzake. Mwaka 1997 moto uliunguza Paa ya Paa na kazi nyingi zikateketea, ila kituo kiliinuka tena. Moto huo ukumbukwe, maana utarudi hapa chini kwenye habari ya simu iliyoibiwa.

Jina lililobaki kwa wote

Wa tatu hakutoka Kilimanjaro, ila kila mgeni anayeshuka mlimani humbeba kwenye begi bila kujua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwenye mbao nyembamba, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na picha zikauzwa Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa mchoraji kwa miaka minne hivi.

Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo ule, na mwaka 1990 wachoraji wa Oysterbay wakawa na chama chao cha ushirika. Mamia ya familia yamekula kupitia jina hilo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini leo "tingatinga" ni jina la aina ya picha, kama vile "kitenge" ni jina la nguo. Anayenunua twiga na mlima uliochorwa kwa rangi kali haulizi nani kachora.

Hapo ndipo kijana mwingi wa Moshi anapoanzia na kukwama. Anachora Kibo, twiga na mbuyu, anampelekea mwenye duka au kijana anayetembeza picha kwa watalii karibu na mnara wa saa, analipwa kwa kipande, basi. Picha haina jina nyuma wala mbele. Mgeni anaondoka nayo hadi Ujerumani, anaitundika sebuleni, rafiki yake anaipenda na kuuliza inapatikana wapi. Jibu ni moja: "Tanzania." Mteja wa pili amepotea pale pale, na mchoraji hatajua kamwe kwamba alikuwepo.

Si kosa kuuza kwa muuzaji. Duka lina kodi na mwenye duka ana haki ya faida yake. Kosa ni kuuza kila kitu kwa njia hiyo, bila sahihi, bila mwaka, bila namba ya simu nyuma ya picha. Kibandiko kidogo nyuma ya turubai chenye jina la mchoraji, "Moshi, Tanzania", mwaka na anwani ya ukurasa wake mtandaoni kinagharimu hela ndogo kuliko soda. Wapo wenye maduka wasiopenda kibandiko hicho, kwa sababu wanajua kazi yake. Hapo kijana anahitaji mzazi wa kumwambia asiogope kukiomba.

Mteja wa Desemba

Vijana wengi wakisema soko la picha wanamaanisha watalii. Watalii wapo, hasa miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba na tena Januari na Februari. Masika ikishuka, Aprili na Mei, mlima unajificha na hoteli zinapumua. Na mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege, walioishi kwa mtalii peke yake waliona chungu kikipoa.

Kumbe mkoa huu una wateja wengine ambao hawahitaji viza. Kila Desemba watoto wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ng'ambo. Wengi wamejenga. Wana kuta nyeupe, wana wazazi wazee, wana picha moja tu ya bibi iliyofifia. Mchoraji anayeweza kuichukua picha ile na kuitoa sura ya bibi akiwa hai, katikati ya kahawa yake, hana haja ya kumfukuza mtu barabarani. Kuna ubarikio, harusi, kustaafu, kumbukumbu ya marehemu. Kuna shule za awali zinazotaka ukuta wenye herufi na wanyama. Kuna saluni, mama lishe, maduka ya dawa za mifugo, wote wanataka bango linalosomeka. Kuna fulana za kwaya na za vikundi vya kupanda mlima.

Wasanii wengine huona kazi hizi kama za kushusha hadhi. Hilo ni kosa la ujana. Bango la saluni linalipa kodi ya mwezi ili mchoro wa moyoni upate muda wa kukauka. Ntiro alikuwa na darasa; kijana wa leo anaweza kuwa na mabango na watoto sita wa mtaani anaowafundisha kuchora Jumamosi kwa ada ndogo.

Tena kazi za oda zina kanuni yake ambayo mzazi aliyewahi kumpa fundi cherehani kitambaa anaijua: nusu ya malipo kwanza, tarehe ya kukabidhi iandikwe, na marekebisho yawe na mwisho. Oda za Krismasi zifungwe mapema Novemba. Rangi ya mafuta haijui kwamba mteja anaondoka na basi la tarehe 27.

Daftari

Sasa kile ambacho baba wa Shirimatunda angeweza kukitoa usiku ule ule, bila kukopa. Daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila picha ipewe namba. Pembeni yake: jina la picha, ukubwa kwa sentimita, tarehe, vifaa vilivyotumika na bei yake, siku zilizotumika, nani amenunua, ametoka wapi, amelipaje, na namba yake kama ameruhusu atafutwe.

Kwa nini daftari? Kwa sababu wachoraji wengi wanaoacha kazi hii hawaachi kwa kukosa wateja tu. Wanaacha kwa kuwa waliuza kwa hasara miaka miwili bila kujua. Chukua mfano, namba zikiwa za kujifunzia tu. Turubai na fremu shilingi 25,000. Rangi 10,000. Nauli na bando 3,000. Jumla 38,000, na kazi imechukua siku tatu. Akiuza kwa 50,000 anarudi nyumbani akicheka, lakini kilichobaki ni 12,000, yaani 4,000 kwa siku. Akijilipa 15,000 kwa siku kama kibarua wa kawaida, picha ile haiwezi kushuka chini ya 83,000. Inawezekana soko halitaki bei hiyo. Basi apunguze ukubwa, atafute turubai nafuu, atoe nakala ndogo za kuchapisha zinazouzwa bei ya chini, au achore kwa siku mbili. Hayo ni maamuzi. Kuuza gizani si uamuzi.

Na bei ikishapangwa iwe moja. Mteja aliyeona 90,000 mtandaoni kisha akaona picha ya ukubwa ule ule ikitolewa kwa 40,000 karibu na mnara wa saa hatarudi, na atasimulia.

Daftari hili hili ndilo litakaloingia benki siku akitaka mkopo, au litakapoulizwa rekodi na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ambao hutoa mikopo kwa wasanii. Mtu mwenye kurasa mbili za mauzo halisi husikilizwa tofauti na mwenye laiki elfu kumi.

Ukurasa ni kibanda cha kupanga

Baada ya daftari, simu. Haihitaji kuwa mpya wala ya bei ya pikipiki. Picha ya mchoro ipigwe mchana, kivulini, mahali penye mwanga wa kutosha, si juani wala chini ya balbu. Simu isimame sawa na mchoro, isiupige kwa upande. Kisha maelezo ambayo vijana wengi huyaacha: jina la kazi, ukubwa, kama bado ipo au imeuzwa, bei au namna ya kuuliza bei, mji, na namba ya WhatsApp. Ni ajabu jinsi kurasa nyingi nzuri zinavyomwacha mteja bila njia ya kununua.

Jina la ukurasa liwe jina lake, lile lile analosaini kwenye turubai, na liwe hivyo kote. Majina ya utani ya shuleni hupendeza hadi siku mteja wa miaka hamsini anapotaka kuyaandika kwenye risiti.

Watu hupenda kuona mkono ukifanya kazi. Video fupi ya brashi ikiweka theluji juu ya Kibo, sauti ya kuku nyuma yake, huvuta wengi kuliko picha iliyokamilika. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, mradi isikatike. Anayeposti mara tisa Jumatatu kisha akatoweka miezi miwili huonekana kama duka lililofungwa.

Ila mzazi na kijana waelewane jambo moja: ukurasa ule si mali yao. Ni kibanda cha kupanga kwenye uwanja wa kampuni ya kigeni. Kampuni inaweza kubadilisha taratibu, au akaunti ikadukuliwa, na wafuasi wote wakapotea kwa asubuhi moja. Ndiyo maana majina ya wanunuzi yako kwenye daftari. Ndiyo maana picha za kazi zote zinawekwa pia mahali pengine, kwenye kompyuta ya ndugu, kwenye flashi, kwenye barua pepe. Paa ya Paa iliungua kwa moto. Siku hizi kazi ya miaka mitano inaweza kwenda na simu iliyochomolewa mfukoni stendi.

Kwa watoto wadogo kuna jambo la ziada. Instagram, TikTok na Facebook haziruhusu mwenye umri chini ya miaka 13. Hata kwa mwenye miaka 15 au 16, ni busara ukurasa wa kazi uwe wa familia, mzazi akijua nywila, namba ya malipo ikiwa ya mtu mzima, na picha zinazopostiwa zikiwa za michoro, si za sare ya shule yenye jina la shule.

"Nimependa kazi yako"

Kijana akianza kuonekana, ujumbe utakuja kwa Kiingereza kizuri. Mtu anasema amependa kazi, anataka kununua picha tano kwa maelfu ya dola kama mali ya kidijitali. Kinachotakiwa ni mchoraji ajisajili kwenye tovuti fulani na alipe ada kidogo kwanza. Au mtu anatuma "ushahidi wa malipo" uliozidi bei, kisha anaomba arudishiwe kilichozidi. Au anaomba tarakimu zilizoingia kwenye simu "kuthibitisha". Wote hao ni wezi. Mnunuzi wa kweli halipishi muuzaji. Picha haitoki nyumbani mpaka hela iwe imeingia kwenye akaunti na salio limesomwa, si ujumbe uliopigwa picha.

Kijana wa miaka 18 anayeota kuuza Marekani huona aibu kuuliza. Mzazi asiyejua hata Instagram inafunguliwaje bado anajua harufu ya utapeli, kwa kuwa ameishi. Hapo ndipo anahitajika zaidi.

Kuna pia wizi wa kimya: picha yake kuchapishwa kwenye fulana au kalenda bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapotengenezwa, na kwa miaka 50 baada ya mwenyewe kufariki. Kuuza picha si kuuza haki ya kuichapisha. Hiyo inauzwa kivyake, kwa maandishi. Kuisajili kazi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunasaidia ukitokea ugomvi, na daftari lenye tarehe linasaidia pia. Kuhusu kusajiliwa kama msanii kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, mahali pepesi pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa. TIN ya TRA haina malipo, na bila hiyo hoteli au shule nyingi haziwezi kumlipa kwa hundi.

Masomo? Hayajaisha kwa sababu anachora. Mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 una mkondo wa amali. VETA wana fani ya upakaji rangi na uandishi wa mabango, na ni vizuri kuuliza chuo gani kinaitoa. TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Cheti hakichori, lakini ndicho kinachofungua mlango wa kufundisha, na kufundisha ndiko kuliko wabeba wachoraji wa mlima huu kwa muda mrefu.

Kwa baba wa Shirimatunda, makubaliano yanaweza kuwa mepesi. Miezi mitatu. Simu ya dada inaazimwa Jumamosi mchana, kivulini, kwa saa moja. Kijana analeta daftari likiwa na picha kumi zilizohesabiwa gharama, zimesainiwa, nyuma zina kibandiko, na angalau bango moja la mtaani lililolipwa. Baada ya hapo wanakaa tena, daftari likiwa wazi mezani, kuzungumza habari ya simu.